Mpira wa Mwisho Karachi

Sogeeni, wajukuu zangu, kaeni mviringo. Hadithi ya leo inaanza mwishoni.

Ni Jumamosi, tarehe 13 Machi 2004, katika Uwanja wa Taifa wa Karachi, nchini Pakistan. Mchezo ni kriketi, na umebaki mpira mmoja tu uishe. India imekwisha kupiga zamu yake ikapata mikimbio 349. Pakistan imeikimbiza hesabu hiyo kwa saa nyingi na sasa ina 344. Ikipata 6 kwa mpira huu mmoja, imeshinda. Mwenye gongo ni Moin Khan, mlinda wiketi wa Pakistan, mchezaji wa miaka mingi. Mwenye mpira ni Ashish Nehra wa India, kijana mwembamba anayerusha kwa mkono wa kushoto. Na kocha wa Pakistan siku hiyo ni Javed Miandad.

Likumbukeni jina hilo. Miaka 18 nyuma, tarehe 18 Aprili 1986, timu hizihizi zilikutana kwenye fainali kule Sharjah, katika Ghuba ya Uarabuni. Siku hiyo nayo ulibaki mpira mmoja. Pakistan ilihitaji mikimbio 4. Mrushaji wa India, Chetan Sharma, aliukosea urushaji, mpira ukamfikia mpigaji juujuu bila kugusa chini, na mpigaji akaupiga hadi nje ya mpaka. Mikimbio 6. Mpigaji huyo alikuwa Javed Miandad.

Kwa hiyo pale Karachi, kila Mpakistani mwenye umri wa kukumbuka alikuwa anaiwaza Sharjah. Kila Mhindi naye alikuwa anaiwaza, ila tumbo linamkata.

Nehra anaanza kukimbia kuurusha. Muacheni kwanza hapo hapo, mguu mmoja hewani, niwaeleze mchezo wenyewe. Najua baadhi yenu mnauona tu kwenye runinga mkabadilisha chaneli.

Kila timu ina watu 11. Timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka. Mrushaji anautuma mpira kwa mpigaji, ambaye nyuma yake vimesimama vijiti vitatu. Vijiti hivyo ndivyo wiketi. Mpira ukiviangusha, mpigaji ametoka. Akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, ametoka vilevile, na kila anayetoka huhesabiwa kuwa wiketi moja iliyoanguka. Akiupiga ukaenda mbali, yeye na mwenzake hukimbia na kubadilishana ncha za njia ya kuchezea, na kila mbio ni mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika hadi mpakani, ni 4 bila kukimbia. Ukivuka mpaka kwa juu, ni 6. Mipira 6 ni ova moja, na katika mechi ya siku moja kila timu hupewa ova 50, yaani mipira 300. Wiketi 10 zikianguka kabla ya hapo, zamu imekwisha. Mwenye mikimbio mingi ndiye mshindi. Mpigaji mmoja akifikisha mikimbio 100 peke yake, hiyo ni heshima kubwa, na mashabiki huitaja kwa miaka.

Sasa watani wenyewe.

Sisi Waswahili tuna neno ambalo wengi hawana. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Mtani, wajukuu zangu, ana ruhusa ya kukuambia jambo ambalo jirani yako akilisema mtagombana. Anakucheka mchana kutwa. Na siku ya msiba wako ndiye anayefika mapema. Sina neno jingine linalowaeleza mashabiki wa India na wa Pakistan kama hili, ingawa historia yao ina uchungu mkubwa kuliko wa timu zetu. Hadi mwaka 1947 walikuwa nchi moja chini ya Waingereza. Ikagawanywa, mamilioni wakahama, na watu wengi mno wakauawa. Nchi hizo mbili zimepigana vita zaidi ya mara moja, na mwaka 1999 zilipigana tena katika milima ya Kargil.

Ndiyo maana mechi zile za 2004 zilikuwa na uzito. India haikuwa imefanya ziara kamili ya kriketi nchini Pakistan tangu mwaka 1989, alipoanza kuichezea mvulana wa miaka 16 aitwaye Sachin Tendulkar. Mwaka 1997 ilikwenda kwa mechi tatu tu, ikarudi. Sasa serikali mbili zilikuwa zimeanza kusalimiana. Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, aliiaga timu yake kwa kuiomba irudi na ushindi, na irudi pia na mioyo ya wenyeji. Mechi za siku moja zilipangwa tano, mtu ashinde tatu. Nahodha wa India alikuwa Sourav Ganguly, yuleyule ambaye mwaka uliotangulia, kule Durban, aliifungia Kenya mlango wa fainali ya Kombe la Dunia kwa kupiga mia bila kutolewa. Nahodha wa Pakistan alikuwa Inzamam-ul-Haq, mtu wa mwili mkubwa na mikono laini.

Turudi kwa Nehra. Ameuachia mpira. Moin Khan ameupiga kwa nguvu zake zote, umepaa, uwanja mzima umeinua nyuso. Ukashuka mikononi mwa Zaheer Khan. India imeshinda kwa mikimbio 5.

Likafuata jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha hadithi hii. Watu wa Karachi, waliokuwa wamepoteza kwa tofauti ndogo hivyo, mbele ya mtani wao, nyumbani kwao, walisimama wakawapigia makofi Wahindi. Timu zote mbili kwa pamoja zilikuwa zimepata mikimbio 693, na hakuna mechi ya siku moja iliyokuwa imewahi kufika hapo. Mashabiki wale walijua wameona nini.

Kisha wakaanza kubishana, na ubishi wenyewe ni mtamu.

Ili muusikie, nitawaumbia watu wawili. Watu hawa ni wa kubuni, ila kila hesabu watakayoitaja ni ya kweli. Mmoja ni mwenyeji, ana duka mjini Lahore. Mwingine ni mgeni, ametoka Amritsar, mji wa India ulio upande wa pili wa mpaka. Maelfu ya Wahindi walipewa viza ili waende kutazama, na wengi walivuka kwa miguu pale mpakani Wagah. Wote wawili wanaongea Kipunjabi, wanaitana bhai, yaani ndugu, na katikati yao kuna vikombe vya chai ya maziwa.

Mwenyeji anaanza. "Bhai, Karachi hamkutushinda. Tulijishinda. Warushaji wetu walikanyaga mstari, walirusha kando, wakawagawia mikimbio ya bure. Toa ile ya bure, hesabu upya, uone."

"Ya bure nayo huandikwa kitabuni," anajibu mgeni. "Na Kaif? Yule naye alikuwa wa bure?"

Hapo mwenyeji hunyamaza kidogo, na ana sababu. Ikiwa imebaki mipira 8, Pakistan ilihitaji mikimbio 10 tu. Shoaib Malik akaupiga mpira juu, ukaelekea mahali pasipo na mtu. Mohammad Kaif alikimbia kutoka mbali, mwenzake Hemang Badani naye anaukimbilia mpira uleule, nusura wagongane. Kaif akajirusha mbele yake akaudaka. Kabla ya hapo Inzamam alikuwa amepiga 122, kazi ya siku nzima, kazi iliyostahili ushindi. Mdako mmoja ukaiondoa.

Siku tatu baadaye walikuwa Rawalpindi, na zamu ya kunyamaza ikawa ya mgeni. Pakistan ilipata 329. Tendulkar, yule mvulana wa 1989, sasa mtu mzima wa miaka 30, alipiga 141. Hata hivyo India iliishia 317, ikashindwa kwa 12.

"Mnaona?" anasema mwenyeji. "Mtu wenu mmoja alicheza. Wetu walicheza wote."

Tarehe 19 Machi, Peshawar. India 244 tu, na Tendulkar wa 141 alitolewa kabla hajapata hata mkimbio mmoja. Kriketi haina huruma, wajukuu zangu. Kijana Yasir Hameed wa Pakistan alifika 98, akatolewa mikimbio miwili kabla ya mia yake. Pakistan ikashinda ikiwa na wiketi 4 mkononi. Sasa ni 2 kwa 1, na mwenye duka anamwagia mgeni chai bila kuulizwa.

Tarehe 21 timu zikafika Lahore, Uwanja wa Gaddafi. Pakistan ikapiga 293, na Inzamam akapata 123. India ikaanza kuporomoka. Ilipofika 162, wapigaji watano walikuwa wameshatoka, na watu wa Lahore walikuwa tayari wanaimba. Wakakutana uwanjani wawili: Rahul Dravid, mtu mtaratibu, anayecheza kama fundi cherehani asiyetaka kuharibu kitambaa, na Kaif, yuleyule wa Karachi. Wakaongeza mikimbio 132 bila mmoja wao kutolewa. Dravid 76, Kaif 71, ushindi. Mbili kwa mbili.

Tazameni habari ya Inzamam. Alipiga mia mara mbili katika mechi tano hizi, na mara zote mbili timu yake ilishindwa. Mashabiki wa Pakistan hadi leo huligeuzageuza jambo hilo kama jino linalouma. Je, nahodha alibeba mzigo peke yake? Au alibeba mwingi hata wenzake wakajisahau? Mimi nasema alibeba peke yake kwa sababu ilibidi, na sijawahi kusikia hoja ya kunibadilisha.

Ikaja Jumatano, tarehe 24 Machi, mechi ya tano, palepale Lahore. Na sikilizeni ajabu hii: safari hii India ndiyo iliyopiga kwanza, na ilipata 293. Hesabu ileile! VVS Laxman alipiga 107, akiusukuma mpira pembeni kana kwamba anapangusa vumbi mezani. Jumapili, 293 za Pakistan hazikutosha. Jumatano, 293 za India zilitosha na kubaki. Inzamam alipofika 38 na kuanza kutisha, aliupiga mpira wa Murali Kartik hadi ukingoni kabisa. Aliyesimama pale alikuwa Tendulkar. Aliudaka akiuchunga mpaka usiguse kisigino chake, maana mdakaji akigusa mpaka na mpira mkononi, ni 6. Hakuugusa. Pakistan ikaishia 253, na India ikashinda kwa 40, jumla 3 kwa 2.

Mnadhani ubishi ulikwisha? Sasa ndio mwenyeji anatoa karatasi na kalamu.

"Bhai, hesabu nami. Mechi nne za kwanza. Sisi 344, 329, 247 na 293. Jumla 1,213. Ninyi 349, 317, 244 na 294. Jumla 1,204. Tuliwazidi kwa 9! Lakini ubao ulisema mbili kwa mbili. Haki iko wapi?"

Mgeni anachukua kalamu. "Ongeza ya tano. Sisi 1,497, ninyi 1,466."

Wanaitazama karatasi. Katika mechi tano, na mikimbio karibu 3,000, tofauti ni 31. Ni sita tano na mkimbio mmoja wa ziada. Hapo hata mimi ninayesimulia ninaishiwa maneno. Yule mwenyeji anaweza kuishi miaka 80 na kila siku akapata sababu mpya ya kusema timu yake ndiyo iliyokuwa bora, na hesabu zitamuunga mkono. Mgeni naye vivyo hivyo.

Mkinibana niamue, nitaamua. India ilistahili, na iliupata ushindi wake kwa mikono ya wadakaji. Kaif Karachi, Tendulkar Lahore. Watu huimba wapigaji, na watoto wakigawana nafasi uwanjani kila mmoja anataka gongo, hakuna anayetaka kusimama mpakani juani. Lakini katika mechi tano zilizokaribiana hivi, midako ile miwili ndiyo iliyogeuza upepo.

Nataka pia mjue yaliyokuwa yakitokea nje ya ubao wa hesabu, maana hesabu peke yake haitoshi. Wahindi waliorudi kwao walisimulia kwamba wenye teksi na wenye maduka wa Lahore walikataa pesa zao. Wakishajua ni mgeni wa kriketi, wanamwambia aweke mfukoni. Viwanjani vilionekana vitambaa vilivyoshonwa bendera mbili pamoja, na vijana waliopaka nusu ya uso rangi za huku na nusu rangi za kule. Na alikuwapo mrushaji mmoja wa India, Lakshmipathy Balaji, kijana wa Chennai, anayetabasamu akirusha vizuri na anayetabasamu akipigwa. Wapakistani walimpenda. Wakawa wanaliita jina lake kwa pamoja viwanjani, mchezaji wa mtani wao, kana kwamba ni mtoto wa mtaani kwao.

Tena, miongoni mwa watazamaji Lahore alikuwapo bibi mmoja aitwaye Dina Wadia. Alikuwa mtoto pekee wa Muhammad Ali Jinnah, mwanzilishi wa Pakistan. Nchi zilipogawanyika, baba alikwenda Pakistan na binti akabaki upande wa India. Baada ya kumzika baba yake mwaka 1948, hakurudi tena kwa zaidi ya nusu karne. Kilichomrudisha ni mwaliko wa kutazama kriketi. Kabla hajaondoka alifika Karachi, penye kaburi la baba yake.

Mmoja wenu ataniuliza: Babu, na sisi tunahusikaje? Basi nina kisa cha Nairobi. Tarehe 4 Oktoba 1996, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Pakistan ilicheza na Sri Lanka. Kijana mgeni kabisa, Shahid Afridi, aliingia kupiga na akafikisha mia kwa mipira 37 tu. Hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo katika mechi za siku moja, na rekodi ile ilidumu zaidi ya miaka 17. Mipira 11 aliivusha mpaka kwa juu. Gongo alilotumia hakuwa nalo mwenyewe. Alipewa na mwenzake, Waqar Younis. Na Waqar alikuwa amelipata kwa Tendulkar, aliyetaka achongewe jingine mfano wa lile huko Sialkot, mji wa Pakistan unaosifika kwa kutengeneza vifaa vya michezo. Rekodi ya Pakistan, basi, ilipigwa na gongo la Mhindi, kwenye ardhi ya Kenya. Nani mwenye rekodi ile? Mwenyeji wa Lahore na mgeni wa Amritsar wanaweza kumaliza birika zima la chai juu ya swali hilo, na ningependa sana niwe nimekaa karibu.

Na ni lazima wawe wawili. Mwenyeji akibaki peke yake na karatasi yake ya 1,213, hakuna wa kumjibu kwa mdako wa Kaif, na mechi inaanza kufifia. Mtani ndiye anayeikumbuka mechi uliyoshindwa kwa ukamilifu kuliko wewe.

Timu zile ziliendelea kutembeleana kwa miaka michache, huku na kule. Kisha milango ikafungwa tena. Tangu Januari 2013 India na Pakistan hazijachezeana mfululizo wa mechi wa nchi mbili peke yake. Hukutana tu kwenye mashindano yenye mataifa mengi. Mara ya mwisho timu ya wanaume ya India kucheza nchini Pakistan ilikuwa Kombe la Asia la mwaka 2008. Mwaka 2025 Pakistan iliandaa Kombe la Mabingwa, na viwanja vya Karachi, Lahore na Rawalpindi vikatengenezwa upya. India ilicheza mechi zake zote Dubai. Ilipofika siku ya watani kukutana, Pakistan, mwenyeji wa mashindano, ilipanda ndege ikavuka bahari kwenda kucheza huko.

Kutoka Amritsar hadi Lahore ni kama kilomita 50.